Je, wajua kwa nini mota ya baiskeli ya umeme huchoka mlimani kwenye gia nzito?

Anayetoka Ipogolo kwenda Iringa mjini anaujua ule mlima. Unaiacha barabara kuu bondeni karibu na mto Ruaha Mdogo, na kuanzia hapo ni kupanda tu. Mara ya kwanza kuupanda kwa baiskeli ya umeme, niliweka msaada wa mota juu kabisa, nikabaki na gia nzito ileile ya tambarare. Kabla ya kufika mjini baiskeli ilipunguza nguvu yenyewe. Nilishuka nikagusa kasha la mota pale katikati ya pedeli, nikauondoa mkono haraka.

Niliamini kwamba nguvu ya kupanda inatoka kwenye kitufe cha msaada, na kwamba gia ni za miguu tu. Kwa baiskeli nyingine za umeme hiyo ni kweli. Mota ikiwa ndani ya gurudumu, inalizungusha moja kwa moja na cheni haiihusu. Mota ya katikati haigusi gurudumu. Inavuta cheni ileile unayoivuta wewe, kwa hiyo ukibadili gia umeibadilishia na mota. Niliamini pia kwamba gia nyepesi inamaliza betri kwa kuwa mota inazunguka sana. Huko nilikosea zaidi, maana kinachomaliza betri ovyo ni mota kulazimishwa kusukuma kwa nguvu nyingi huku ikizunguka polepole.

Chukua baiskeli yenye meno 38 mbele, na nyuma gia kubwa ya meno 42 na ndogo ya meno 11. Unapanda kwa kilomita 9 kwa saa. Kwenye meno 42, pedeli zinazunguka kama mara 75 kwa dakika. Kwenye meno 11, mwendo uleule unazizungusha mara 20 tu. Mlima haujabadilika, wala uzito wako, kwa hiyo kila mzunguko sasa unabeba mzigo wa karibu mizunguko minne. Ndani ya mota, nguvu ya kusokota inatokana na mkondo wa umeme kwenye nyaya za shaba. Nguvu mara nne inadai mkondo karibu mara nne, na joto la nyaya hukua kwa mraba wa mkondo: zaidi ya mara 14! Mlima ni uleule na mwendo ni uleule. Kilichobadilika ni meno ya chuma.

Beba gunia la viazi begani, kisha simama tu. Halijapanda hata sentimita moja, lakini misuli inawaka na jasho linatoka. Mota iliyokwama mlimani iko hivyohivyo: umeme unaingia, sumaku zinasukuma, hakuna kinachosogea, na umeme wote unageuka joto. Ikizunguka polepole, sehemu kubwa bado inapotea kwa njia hiyo. Sasa gawa viazi vilevile kwenye ndoo ndogo, uende safari nyingi za haraka. Vyote vitafika, na bega litabaki zima.

Dereva wa lori anajua kurudisha gia kabla ya kuingia mlima Kitonga, kwa sababu injini ya dizeli ikilemewa inatetemeka, na ikizidiwa inazima. Mota ya umeme haikuonyi hivyo. Ina nguvu nyingi hata ikiwa karibu kusimama, na ndiyo maana mtu anaweza kuitesa muda mrefu bila kujua. Ni kweli kwamba kwa kawaida haitafika hizo mara 14, kwa sababu kidhibiti chake hukata mkondo mapema. Wewe utaona tu baiskeli inazidi kuwa nzito.

Kwa hiyo hesabu miguu. Mguu wa kulia ukishuka mara 18 hadi 20 kwa sekunde 15, mota nyingi za katikati ziko pazuri. Badili gia kabla mlima haujakukamata, na ulegeze mguu kidogo wakati wa kubadili, kwa kuwa cheni inabeba nguvu zako pamoja na za mota.

Betri nayo inapata nafuu. Kuinua kilo 100, yaani mtu na baiskeli yake, mita 100 kwenda juu kunahitaji wati-saa 27 hivi. Nusu ya umeme ikipotea kwa joto, betri inatoa 54 kwa kazi hiyohiyo.

Kwa mlima mrefu, kama ule wa kutoka Mbeya kwenda Chunya, hata meno 42 ya nyuma huenda yasitoshe. Hapo mimi ningebadilisha ya mbele: kwa meno 32 badala ya 38, miguu inazunguka mara 75 kwa dakika ukiwa kwenye kilomita 7.5 kwa saa.