"Upanuzi wa ligi" maana yake nini, na kwa nini bili ya uwanja humfikia mlipa kodi?

Ukitaja futiboli nchini Australia utaulizwa: ipi? Ziko nne. Soka la watu 11. Raga ya muungano, watu 15. Raga ya ligi, watu 13, iliyojitenga na nduguye kule Uingereza mwaka 1895 kwa ugomvi wa kuwafidia wachezaji waliokosa kibarua siku ya mechi. Na futiboli ya Australia yenyewe, watu 18 kila upande, ambayo kanuni zake ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, miaka minne kabla ya soka kuandikiwa zake. Melbourne, Adelaide na Perth ni ngome za hiyo ya mwisho. Sydney na Brisbane ni za raga ya ligi.

Kupanua ligi ni kuongeza timu, mara nyingi ndani ya ngome ya mwenzako. AFL, ligi ya futiboli ya Australia, iliingiza Gold Coast Suns mwaka 2011 na Greater Western Sydney mwaka 2012, zote katika ngome za raga ya ligi.

Timu hizi hazipandi daraja kutoka chini, kwa kuwa hakuna kupanda wala kushuka. Mlango ni leseni, na leseni huitoa ligi peke yake. Anayeitaka hana duka la pili la kwenda, kwa hiyo ligi hupanga masharti, na sharti zito kuliko yote huwa uwanja.

Tazama Tasmania, jimbo la Australia ambalo ni kisiwa. Kisiwa hiki kimecheza futiboli hiyo tangu karne ya 19, na kiliomba timu kwa miongo kadhaa. Mwaka 2023 kilipewa leseni ya 19 ya AFL, kwa sharti kwamba kijenge uwanja mpya wenye paa wa viti 23,000 pale Macquarie Point, katika mji mkuu wake, Hobart. Viwanja vya Bellerive na York Park, ambavyo tayari vilikuwa vikichezewa mechi za AFL, havikutosha. Makadirio ya mwanzo yalikuwa dola za Australia milioni 715, zikiwemo milioni 375 za jimbo, 240 za serikali kuu na 15 za AFL. Kufikia 2025 makadirio yalishapita bilioni moja.

Fedha za umma hapa si hundi tu. Ni ardhi ya bandarini, ni mikopo ya jimbo, na ni ahadi kwamba gharama ikizidi, jimbo ndilo litakaloibeba. Jimbo lenyewe lina watu wasiofika 600,000.

Watetezi husema uwanja huleta ajira na wageni. Ajira za ujenzi zipo kweli, lakini huisha jengo likikamilika. Baada ya hapo, sehemu kubwa ya pesa ya tiketi hutoka mfukoni mwa mkazi yuleyule ambaye angeitumia kwingine mjini, na timu ya AFL hucheza nyumbani mechi 11 hivi tu kwa msimu. Hata paa lina kesi yake: wasimamizi wa kriketi, mchezo ambao nao ungechezwa humo, walilalamika kwamba vivuli vyake vingeharibu mechi za siku nyingi.

Mimi naona Tasmania ilistahili timu zamani sana. Kinachonikera ni kuifunga haki hiyo kwenye jengo ambalo mtoa leseni, AFL, analichangia milioni 15. Tume ya mipango ilishauri mradi usiidhinishwe. Desemba 2025 bunge la jimbo liliupitisha.