Kwa nini epoksi inabanduka: dhana potofu na ukweli kuhusu kusaga sakafu ya zege

Okota kipande cha epoksi, ile rangi ngumu ya sakafu, kilichobanduka kwenye sakafu ya gereji au duka, kigeuze, utazame upande wa chini. Ukikuta unga wa kijivu umegandana nacho, basi rangi ilishika sawasawa, ila zege iliyoshikwa ndiyo iliyoachia. Ukikuta upande huo safi unang'aa, rangi ilipakwa juu ya kitu laini mno au chenye mafuta. Ukipasua lengelenge ukakuta majimaji yanayonata, unyevu na chumvi vimepanda kutoka chini. Hali zote tatu hutokea Unguja na Pemba, na karibu kila mara lawama huangukia kopo la rangi, wakati kasoro ilikuwapo sakafuni kabla kopo halijafunguliwa.

"Sakafu yenye niru laini ndiyo inayofaa zaidi kwa epoksi"

Hii ndiyo dhana inayogharimu watu wengi kuliko nyingine, kwa sababu niru inavutia macho. Fundi ananyunyiza saruji tupu juu ya zege, anaisugua kwa mwiko wa chuma mpaka inateleza. Kwa nyumba ya kukaa, ya kufagia na kupiga deki, ni kazi nzuri. Kwa epoksi, niru ni ganda la milimita moja au mbili lisilo na kokoto ndani yake, na kama zege ilikuwa imeshaanza kuwa ngumu lilipowekwa, halikushikamana nayo vizuri. Epoksi inapokomaa hujivuta kidogo na kuling'ang'ania ganda hilo. Gari likikata usukani papo hapo, au mtu akiburura friji, vyote viwili vinang'oka pamoja.

Hata sakafu isiyo na niru ina utando wake. Zege ikimwagwa na maji mengi, maji hupanda juu na kubeba saruji pamoja na chembe laini. Yakikauka huacha ngozi dhaifu inayotoa vumbi kila ukifagia. Kwaruza kwa ncha ya msumari: ukipata mfereji mweupe wenye unga, hiyo ndiyo ngozi yenyewe. Kisha gonga sakafu yote kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua. Palipo pazima hutoa mlio mzito uliojaa, na pale niru ilipoachana na zege hulia kama debe tupu. Usisage juu ya sehemu inayolia hivyo ukadhani umetengeneza. Ing'oe yote kwa tindo mpaka ufike kwenye zege, ujaze kwa mota ya kukarabatia, ndipo usage.

Kusaga kwa mashine yenye meno ya almasi kunaondoa ngozi hiyo na kuifungua zege iliyo chini. Mara nyingi milimita moja inatosha, ila penye niru jiandae kwa mbili au tatu. Alama ya kufika ni pale punje za mchanga zinapoonekana wazi na nyuso za kokoto zikaanza kujitokeza hapa na pale, na ukipitisha kiganja unahisi msasa. Taasisi ya kimataifa ya ukarabati wa zege, ICRI, imetoa vibao vya mpira vya kulinganishia ukali wa uso, kuanzia CSP 1 kilicho laini hadi CSP 10 kilicho kikali kuliko vyote. Kusaga kwa almasi hukupa CSP 1 hadi 3, kiwango kinachofaa tabaka jembamba. Kwa tabaka nene la milimita tatu na zaidi huhitajika uso mkali zaidi, wa mashine inayorusha vipira vya chuma.

Jaribio la kumalizia halina gharama. Dondosha matone ya maji sehemu kumi tofauti. Yakinywewa ndani ya dakika moja hivi na kuacha doa jeusi, sakafu imefunguka. Yakisimama kama lulu, bado kuna ngozi, mafuta au dawa ya zamani ya kuzibia.

"Asidi inafanya kazi ileile kwa bei rahisi"

Zege ya kwetu ndiyo inayoadhibika zaidi kwa asidi. Kokoto nyingi za Unguja huvunjwa kutoka jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa. Asidi ya chumvi haibagui: inakula saruji na inakula kokoto pia, na mapovu unayoyaona yakichemka ni zote mbili zikiliwa. Badala ya uso wenye punje imara unabaki na uso laini wenye unga. Wengine humwaga maji ya betri. Hiyo ni asidi ya salfa, na ikikutana na saruji huacha jasi, kitu dhaifu kuliko utando uliotaka kuuondoa.

Kuna na hasara nyingine. Asidi ya chumvi huacha kloridi inayokwenda kutafuna nondo. Kuisuuza kunataka maji mengi, na maji hayo yanaingia kwenye sakafu uliyokuwa unasubiri ikauke. Na penye mafuta asidi haipenyi kabisa.

"Endelea kusaga mpaka ing'ae"

Kung'arisha zege ni kazi nyingine kabisa. Namba ya almasi ikipanda, punje zake ni ndogo na uso unakuwa laini; ukipanda hadi namba 120 na kuendelea, unaifunga tena sakafu uliyokwisha kuifungua. Kwa epoksi, anza na meno ya chuma yenye almasi ya namba 30/40. Pita mara ya kwanza kwa urefu wa chumba, mara ya pili kwa kukata mapana, kila mstari ukilalia uliotangulia kwa robo hivi. Kama tabaka litakuwa jembamba sana au linaloonesha chini, maliza na namba 60 au 80 ili mikwaruzo ya duara isionekane, kisha simama hapo.

Uchaguzi wa meno nao unawachanganya wengi, maana ni kinyume cha mtu anavyodhani. Zege ngumu inataka meno ya chuma laini, yanayolika haraka na kutoa almasi mpya. Zege dhaifu yenye mchanga mkali inataka meno ya chuma kigumu, la sivyo seti nzima inaisha kabla hujamaliza ukumbi mmoja. Mashine ikianza kuteleza, sauti ikawa nyembamba na vumbi likapungua, geuza kichwa uangalie. Meno yakiwa yanang'aa kama sarafu mpya, chuma kimezifunika almasi. Wasioelewa huongeza uzito juu ya mashine na kuyapasha moto bure. Yazindue kwa kuyapitisha dakika chache juu ya tofali kali la saruji, na kama tatizo linarudi, badilisha seti.

Kingo ndizo zinazosahauliwa. Mashine kubwa huacha ukanda wa sentimita kadhaa kando ya kuta, na epoksi huanzia hapohapo kubanduka. Tumia grenda ya mkono yenye kikombe cha almasi cha inchi 5 na kifuniko cha kunyonya vumbi, uishike bapa. Ukiiinamisha inachimba vibonde vyenye umbo la mwezi mwandamo, na kila kibonde kitaonekana chini ya rangi mpaka siku sakafu hiyo itakapovunjwa.

"Siku 28 zikipita, sakafu imekauka"

Siku 28 ni kipimo cha nguvu ya zege. Kukauka ni hesabu nyingine: makadirio ya kawaida ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, tena kukiwa na hewa kavu. Zege ya milimita 100 inataka miezi minne, na iliyomwagwa karibu na masika itataka zaidi. Kwa epoksi nyingi kikomo ni asilimia 4 ya unyevu ndani ya zege, lakini soma karatasi ya bidhaa yako kwanza.

Bila kipimo, fanya hivi. Kata nailoni nene sentimita 45 kwa 45, ilaze sakafuni, ibane pande zote nne kwa gundi ya utepe isiingize hewa, uiache saa 16 au zaidi. Ukifunua ukakuta matone au zege iliyogeuka nyeusi, usipake. Ikiwa kavu, unajua kwamba maji hayakupanda katika saa hizo tu, kwa hiyo rudia sehemu kadhaa, hasa karibu na choo na ukuta wa nje.

Pwani, kama Paje au Nungwi, uliza swali moja kabla ya kukubali kazi: je, chini ya zege kulitandikwa nailoni? Kama hakuna, maji ya ardhini yatapanda miaka yote, hata ukisaga vizuri namna gani. Hapo inahitajika praima (tabaka la kwanza linalopakwa kabla ya rangi) maalumu ya kuzuia unyevu, au mwenye nyumba ashauriwe aweke vigae. Mchanga wenye chumvi ya bahari unazidisha mambo. Chumvi huvuta maji, na ikiwa chini ya epoksi huyavuta mpaka lengelenge linainuka. Kusaga huondoa chumvi iliyochanua juu, lakini iliyo ndani inabaki palepale.

"Mafuta yatatoka yenyewe kwenye kusaga"

Hayatoki, yanatawanywa. Joto la meno huyalainisha, na mashine huyapaka mita nzima kuzunguka doa. Gereji, jiko la hoteli, sehemu ya kusafishia samaki: zote zinatakiwa zioshwe kwanza kwa sabuni kali ya kuondoa mafuta na maji ya moto. Sugua kwa brashi ngumu, nyonya maji machafu, rudia mpaka tone la maji linywewe. Ndipo usage, kisha usubiri siku moja juani au penye feni, maana mafuta yaliyokaa miaka hupanda tena. Doa likirudi, sehemu hiyo ivunjwe na imwagwe upya.

"Vumbi ni la kufagia tu, na kitambaa puani kinatosha"

Fanya hesabu: kuondoa milimita moja kwenye mita za mraba 100 ni kutoa kilo 200 hivi za unga, sawa na mifuko minne ya saruji. Ndani yake mna silika kutoka kwenye mchanga, chembe zisizoonekana kwa macho zinazofika chini kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeiweka silika hiyo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Khanga au shuka haizizuii ipasavyo. Fundi avae barakoa ya N95 au FFP3 inayobana usoni, na mashine iunganishwe na kifyonza vumbi chenye chujio la HEPA, linalonasa chembe ndogo mno. Kijana anayeshika ufagio nyuma ya mashine anapumua vumbi lilelile, naye apewe barakoa.

Ufagio una kasoro ya pili: unashindilia vumbi kwenye vitundu ulivyovifungua. Fyonza mara mbili kwa njia zinazokatana, kisha bandika utepe sakafuni na uung'oe. Ukitoka na unga, fyonza tena. Aliyesaga kwa maji anyonye tope kabla halijakauka, la sivyo amejitengenezea utando mpya.

"Sakafu za Mji Mkongwe zinasagika kama nyingine"

Usiziguse. Sakafu nyingi za zamani kule ni chokaa na mawe juu ya boriti za mikoko. Chokaa ni laini, inapumua, na epoksi ni ngumu kuliko kile kinachoibeba, kwa hiyo huifunga, hukusanya unyevu na mwisho huinyofoa. Uzito na mtikisiko wa mashine juu ya boriti zilizochoka ni hatari kwa walio chini. Sakafu hizo hutengenezwa kwa chokaa, kwa ruhusa ya mamlaka ya uhifadhi.

"Ukishasaga, unaweza kusubiri wiki"

Sakafu iliyofunguliwa inakunywa kila kitu: umande, nyayo zenye mafuta, upepo wa bahari na chumvi yake. Ukiacha sehemu yenye mafuta inayosubiriwa siku moja, paka praima siku ileile. Uso wa sakafu uwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango ambacho hewa huanza kutoa umande. Hewa ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 85, umande huanza nyuzi 25, kwa hiyo sakafu iwe 28 au zaidi. Ndiyo maana asubuhi mapema haifai. Saa nne au tano nayo ina tatizo lake: sakafu inapanda joto, hewa iliyo ndani ya zege inatanuka, na praima inajaa vitundu kama vya mkate wa kumimina. Wakati mzuri ni kuanzia saa tisa alasiri, joto la sakafu likianza kushuka. Mvua ikikukatiza, ukirudi pima unyevu upya, pitisha mashine haraka mara moja, fyonza, halafu ndipo ufungue kopo.