Mtaimbo haukufanyii kazi

Kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mtu akinyanyua jiwe kwa mtaimbo utasikia: “Chuma kinamfanyia kazi.” Wengi tumeamini hivyo tangu utotoni. Sivyo.

Mtaimbo ni wenzo, yaani kitu kigumu kinachozunguka kwenye sehemu moja iitwayo egemeo. Chukua jiwe la kilo 100, weka egemeo sentimita 20 kutoka kwenye jiwe, kisha shika mtaimbo mita 1 upande wa pili. Ukikandamiza kwa uzito wa kilo 20, jiwe linasawazishwa. Ongeza kidogo, linanyanyuka. Hapo ndipo watu huona muujiza. Lakini angalia mikono yako: jiwe likipanda sentimita 5, mikono imeshuka sentimita 25. Nguvu imepungua mara tano, mwendo umeongezeka mara tano. Kazi, yaani nguvu mara mwendo, ni ileile, na yote imetoka mwilini mwako.

Kasia nalo ni wenzo, na hapa (naupenda sana mfano huu) mambo yanageuka. Mkono wa juu ndio egemeo, wa chini unavuta, bapa liko mbali majini. Unatumia nguvu kubwa kuliko ile inayofika kwenye maji. Unachopata ni mwendo: mkono ukisogea kidogo, bapa linasukuma maji umbali mrefu zaidi.