Moduli haijiui: porojo za karakana kuhusu draivu za zamani

Juzi nimeletewa draivu (kile kifaa kinachoendesha motor na kudhibiti mwendo wake) ya kilowati 15, ya miaka ya 90, imetoka kwenye mashine ya kuvuta mabomba ya plastiki. Nafungua kifuniko nakutana na ile harufu ambayo fundi yeyote wa draivu anaijua, moduli moja kati ya 3 imepasuka tumbo na masizi yamepaka mpaka kwenye bodi. Aliyeileta kashapiga simu mara mbili kabla sijashika bisibisi. "Fundi, tafuta hiyo namba uweke, kiwanda kimesimama." Namba yenyewe ilishaacha kutengenezwa zamani. Hapo ndo porojo zinaanza, kila mtu karakana ana lake, na mengi tumeyarithi tu kutoka kwa waliotufundisha, nao waliyarithi, hamna aliyewahi kuuliza.

Kwa ambao hii sio fani yao: umeme wa fesi 3 ukiingia kwenye draivu unapita kwenye dayodi unageuzwa kuwa DC, volti 400 zinakuwa kama 565, zinakaa kwenye kapasita kubwa, halafu moduli inaukatakata ule umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili motor ipate mzunguko unaoutaka wewe. Moduli yenyewe ni kidude cha plastiki chenye bamba la shaba chini, ndani mna transista 2 au 6 na dayodi zake, kimefungwa juu ya hitisinki, kile chuma cha kupoozea. Ndo kinachobeba mzigo wote.

"Moduli imekufa, weka nyingine mashine itembee"

Hii ndo imekula hela za watu kuliko zote, na zangu zimo. Mwanzoni mwa kazi hii nilibadilisha moduli kwenye draivu moja, moduli mpya kabisa, nikafunga vizuri, nikawasha, kioo kikaja, nikabonyeza kitufe cha kuanza, pah! Hata sekunde haikuisha. Moduli mpya imekuwa mkaa na mimi nimesimama pale nimeshika bisibisi kama nimeshika mshumaa msibani.

Kilichoiua ni kapasita ndogo ya mikrofaradi 47 kwenye saketi inayosukuma gati, yaani mguu wa transista unaopokea amri ya kufunguka (kupitisha umeme) na kufunga. Ilikuwa imekauka. Gati ya IGBT, ndo aina ya transista iliyomo ndani ya moduli, inataka volti kama 15 ili transista ifunguke yote, ile saketi ilikuwa inatoa 9 na kitu, kwa hiyo transista inafunguka nusu, na transista iliyofunguka nusu huku inapitisha umeme mkubwa ni jiko. Kapasita yenyewe bei yake haifiki hata soda.

Kwa hiyo moduli haijiui, inauliwa. Ukikuta imekufa tafuta muuaji kabla hujafungua pochi. Anza na hizo kapasita ndogo kwenye bodi, zote, usipime moja ukaridhika. Halafu optokapla zinazopeleka amri kwenye gati, kwa sababu moduli ikipasuka mara nyingi inarudisha volti kubwa nyuma na kuzichoma zenyewe pamoja na rezista za gati. Halafu feni, hii watu wanaipuuza mno, feni imesimama miezi 6 imejaa vumbi na mafuta na mtu anashangaa moduli imeungua mchana wa Januari. Mwisho toka nje ya draivu kabisa, nenda kwenye motor na kebo yake, maana shoti ya motor ukiirudishia moduli mpya unampelekea simba mbuzi mwingine.

Na ukienda kupima motor kwa mega, kile kipimo cha volti kubwa cha kutafuta uvujaji wa umeme, tafadhali chomoa waya za U, V na W zinazoenda kwenye motor kwanza. Nimeshaona mtu anapiga mega ya volti 1000 na draivu bado imeunganishwa, moduli ilikuwa nzima, alivyomaliza kupima haikuwa nzima tena.

"Nimepima kwa testa, iko poa"

Testa kwenye alama ya dayodi inakwambia kitu kimoja tu, kwamba zile dayodi za ndani hazijashika shoti. Ukiweka waya mwekundu kwenye emita na mweusi kwenye kolekta, ile miguu miwili inayopitisha umeme mkubwa, utasoma kama volti 0.3 hadi 0.5, ukigeuza isome wazi. Sawa, lakini gati hujaigusa.

Mimi natumia betri ya volti 9, ile ya mraba. Moduli iwe imetolewa kwenye bodi, gusa chanya kwenye gati na hasi kwenye emita mara moja tu halafu toa betri. Gati ya IGBT inafanya kazi kama kapasita, inashika chaji. Sasa pima kolekta kwenda emita, mwekundu kwenye kolekta, inatakiwa ipitishe, na iendelee kupitisha japo betri hukuiacha pale. Halafu unganisha gati na emita kwa kipande cha waya, ifunge. Ikikataa kufunguka, au ikifunguka halafu ikajifunga yenyewe papo hapo, gati inavuja, tupa. Ikikataa kufunga, tupa pia.

Hata ikifaulu hapo bado hujaiona ikiwa na volti 565 juu yake, kuna moduli zinafaulu mezani halafu zikipewa volti za kweli zinavuja. Ndo maana kuna hatua ya globu, nitaifikia.

"Namba haipo sokoni, draivu ni chuma chakavu"

Hapa bana watu wanatupa vitu vizima. Namba ya moduli sio jina la mtu, ni maelezo, ukijua kuisoma inakwambia yenyewe unatakiwa kutafuta nini. Hiyo draivu ya juzi ilikuwa na CM75DY-24H ya Mitsubishi. CM maana yake ni IGBT, 75 ni ampea, D ni transista 2 ndani, na 24 unazidisha kwa 50 unapata volti 1200. Fuji wakiandika 2MBI100-120, ni transista 2, ampea 100, na 120 ni volti 1200. Zile za BSM 50 GB 120, ampea 50, volti 1200, GB ndo jozi ya transista 2. Kila kampuni na lugha yake ila wote wanasema yale yale.

Na maumbo nayo sio ya kampuni moja. Semikron walivyotoa SEMIPACK mwaka 1975, moduli ya kwanza ambayo bamba lake la chini limetengwa na umeme, kampuni nyingine ziliona inafaa na zikafuata umbo hilo, ndo maana mpaka leo moduli ya thairista ya kampuni moja inakaa kwenye mashimo ya skrubu ya nyingine. Kwenye IGBT vilevile, ule mwili wa upana wa milimita 34 na ule wa 62 unatengenezwa na kampuni kibao. Kwa hiyo kwa jozi za kawaida mbadala karibu kila mara upo, unatakiwa ulinganishe volti, ampea, umbo, mpangilio wa pini, na chaji ya gati kwenye datashiti.

Ila kuna mbili ambazo nakubali zinaumiza kichwa. Ya kwanza ni zile IPM, kwa Mitsubishi zinaanza na PM, hizi saketi ya kusukuma gati na ya ulinzi zimo humo humo ndani, zinatoa ishara ya hitilafu kwenda kwenye bodi kuu, kwa hiyo pini zikitofautiana kidogo tu imekula kwako. Hapo inabidi upate namba ile ile au ile ambayo mtengenezaji mwenyewe ameitaja kuwa mrithi wake. Ya pili ni draivu za zamani zaidi, za miaka ya 80, zenye QM. Hiyo sio IGBT, ni Darlington, aina nyingine ya transista. Darlington inaendeshwa kwa mkondo kwenye besi, IGBT inaendeshwa kwa volti kwenye gati. Nje zinafanana kama mapacha, skrubu zinaingia, mtu anafunga CM kwenye nafasi ya QM anasema "mbona imekaa vizuri". Imekaa vizuri ndio, ila bodi inaongea lugha ambayo hiyo moduli haiijui. Draivu ya namna hiyo kama hupati Darlington yenyewe, mimi namwambia mwenye mashine ukweli, nunua draivu mpya, moyo utauma leo lakini utalala.

"Weka ya ampea kubwa, itadumu"

Ilikuwa 75, mtu anaweka 150 akijua kaongeza nguvu. Nguvu ya draivu inaamuliwa na sensa za mkondo na programu yake, hizo hujazigusa, itatripu (itajizima kujilinda) pale pale ilipokuwa inatripu. Ulichoongeza ni gati kubwa inayotaka chaji nyingi, na ile saketi ya kusukuma gati ilipimwa kwa ajili ya gati ndogo, inahema, transista inachelewa kufunguka na kufunga, joto linapanda. Kupanda hatua moja kwa kawaida hakuleti shida, 75 kwenda 100, ukiwa umeangalia datashiti. Kurukia mara mbili ni kubahatisha.

Kinyume chake nacho kipo: moduli za kizazi kipya zinafunga kwa kasi zaidi ya zile za zamani, na ukifunga umeme kwa kasi volti inaruka juu pale kolekta. Wakati mwingine inabidi uongeze rezista ya gati ili kuipunguzia mbio. Na volti usicheze nazo kabisa, moduli ya 600 kwenye draivu ya volti 400 hapana, motor ikifunga breki ile DC inapanda juu ya 700.

"Paka pesti nyingi ipoe"

Pesti inayopakwa kati ya moduli na hitisinki haipoozi kitu. Kazi yake ni kujaza vijishimo ambavyo chuma na chuma havigusani, basi. Ikiwa nene inakuwa blanketi. Tabaka la kama mikromita 100, unene wa karatasi, inatosha, ukiipaka kwa rola au kwa kadi ya simu iliyoisha ni sawa tu. Futa ya zamani yote kwanza kwa spiriti, na ukikuta hitisinki ina mkwaruzo uliosimama piga msasa laini. Skrubu kaza kwa msalaba, kidogo kidogo mzunguko wa kwanza, halafu kwa spana ya toki, M6 mara nyingi ni niutoni mita 3 hadi 5. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho bamba linapinda na kauri ya ndani inapasuka bila wewe kusikia chochote.

"Mashine ya saa 24 ndo inaua moduli"

Hapana. Pampu inayozunguka usiku na mchana kwa mzigo ule ule inaweza kwenda miaka na miaka. Kinachochosha moduli ni kupanda na kushuka kwa joto, zile nyaya nyembamba za alumini ndani na solda ya chini zinatanuka na kusinyaa mpaka zinaachia. Kreni, lifti, mashine ya kukata mifuko inayoanza na kusimama kila sekunde, hizo ndo zinamaliza moduli.

"Hii ni mpya, ilikuwa stoo"

Kwa moduli ambazo hazitengenezwi tena, neno mpya lina maana nyingi. Kuna mpya kweli iliyolala stoo, kuna mtumba uliochomolewa kwenye draivu mbovu ukasafishwa, na kuna feki iliyosuguliwa namba ikaandikwa nyingine. Angalia vituo vya skrubu kwa kioo cha kukuzia, mpya haina duara la washa. Pitisha kitambaa chenye asetoni juu ya maandishi. Soma tarehe, moduli iliyoacha kutengenezwa halafu ina tarehe ya baadaye, hiyo imezaliwa baada ya mazishi yake. Mtumba mimi sina ugomvi nao ukiuzwa kama mtumba na kwa bei ya mtumba. Ukinunua hakikisha pini za gati zimefungwa na emita kwa waya au sponji nyeusi, sio ziko uchi kwenye mfuko wa rambo, umeme wa mwilini tu unatosha kutoboa gati.

Na kama kilicholala stoo ni draivu nzima, miaka miwili na zaidi, usiipe volti 400 kwa mpigo. Kapasita kubwa za kemikali zikikaa bila umeme lile tabaka la ndani linadhoofika, zipandishe taratibu kwa variaki, ile transfoma ya kupandisha volti kidogo kidogo, ukizishtua zinaweza kupasuka na kuondoka na moduli zako.

Sasa globu. Nikimaliza kufunga moduli natoa fyuzi ya DC iliyo kati ya kapasita na moduli, mahali pake naweka globu 3 za wati 100 zilizofungwa mfululizo, zile za zamani zenye waya ndani, LED hazifai. Motor haijaunganishwa. Na hapa nisisitize, breka ikizimwa umeme bado umo kwenye kapasita, subiri dakika 5 au zaidi kisha pima DC mwenyewe kabla hujapeleka mkono, usiamini taa ndogo nyekundu kwenye bodi. Nawasha. Globu zinaweza kumulika kidogo halafu zinazima. Nabonyeza kuanza. Zikiwaka kwa nguvu kuna transista 2 za upande mmoja zimefunguka pamoja, nazima, moduli yangu iko salama kwa sababu globu zimebeba ule mkondo. Zikibaki giza napima U na V, V na W, W na U, namba zifanane.

Ile ya juzi zilibaki giza. Nilikuwa nimeweka jozi 3 mpya zote za aina moja, sio ile iliyopasuka peke yake, na kapasita ndogo 8 za bodi. Feni pia, ilikuwa haizunguki kabisa, na mwenye mashine ananiambia alikuwa anaisikia inalia tangu mwaka jana.