Sufuria ya Gumbo Ilivyobeba Ngano za Wakajuni

Ruu, msingi wa mchuzi mzito uitwao gumbo, haiachwi jikoni peke yake. Unga wa ngano na mafuta, kiasi sawa kwa sawa, hutiwa kwenye sufuria nzito ya chuma juu ya moto wa wastani, na mpishi hukoroga bila kupumzika mpaka weupe ugeuke rangi ya karanga, kisha ukolee hadi rangi ya chokoleti. Ukiongeza moto ili umalize mapema, unga unaungua, na ruu iliyoungua haina dawa, inamwagwa. Kwa hiyo nusu saa, wakati mwingine hata dakika 45, mpishi amesimama palepale. Mkono una kazi lakini mdomo hauna. Mimi ni mtu wa fasihi simulizi, na dakika hizo ndizo zilizonivuta kwa Wakajuni wa Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani. Nilitaka kujua nani huongea wakati ruu inakorogwa, na husema nini.

Kwa asiyewafahamu, Wakajuni ni wazawa wa walowezi wa Kifaransa walioishi Acadie, eneo ambalo leo ni Nova Scotia na majirani zake huko Kanada. Mwaka 1713 Ufaransa iliikabidhi Uingereza sehemu kubwa ya eneo hilo, na mwaka 1755 Waingereza wakaanza kuwafukuza watu hao: nyumba zilichomwa, familia zikatenganishwa, maelfu wakapakiwa kwenye meli. Mwaka 1765 Joseph Broussard, aliyejulikana kama Beausoleil, aliwafikisha Louisiana watu wapatao 200. Miaka 20 baadaye, mwaka 1785, meli saba kutoka Ufaransa zikaleta wengine karibu 1,600. Walikaa kando ya mito ya Teche na Lafourche, kwenye mbuga za magharibi na pembezoni mwa vinamasi vya Atchafalaya. Huko hakukuwa na ngano ya kulima wala majira ya baridi waliyoyazoea. Walilazimika kujifunza upya kula.

Na walijifunza kwa nani? Hapa sikubaliani na wanaoieleza gumbo kama chakula cha Wafaransa kilichohamia kwenye joto. Ruu ni ya Ufaransa, sawa. Lakini bamia zinazoufanya mchuzi uwe mzito zilifika na Waafrika waliotumikishwa. Unga wa majani makavu ya mti wa sasafrasi, unaotiwa mwishoni badala ya bamia, ni maarifa ya Wachoktaw, wenyeji wa eneo hilo. Wali unaowekwa chini ya mchuzi ulistawi Louisiana kwa mikono ya Waafrika, wengi wao kutoka Senegambia, ambao watu wa kwao walilima mpunga kwa karne nyingi. Vitunguu, seleri na pilipili hoho hukatwakatwa na kutiwa kwenye ruu ikiwa tayari, ndipo kinafuata kilichopatikana siku hiyo: kuku na soseji ya kukaushwa kwa moshi, kaa, kamba, bata wa porini. Mkajuni wa mbugani na Mkajuni wa pwani wanaweza kubishana jioni nzima kuhusu kipi kisichanganywe na kipi.

Ngano zao, yaani hadithi zao za kusimulia, zilipikwa hivyohivyo, na sehemu nzuri ya kuanzia ni siku ya kuchinja.

Kabla ya majokofu, nyama ya nguruwe ilikuwa tatizo la hesabu. Mnyama mmoja ni mkubwa mno kwa familia moja, na katika hali ya hewa ya Louisiana nyama haingoji. Majirani waliunda mzunguko: wiki hii tunachinja kwangu, wiki ijayo kwako, na kila aliyekuja kufanya kazi anaondoka na fungu lake. Siku hiyo wanaiita busheri, na ilifanyika hasa miezi ya baridi. Kazi ilianza alfajiri. Wanaume walichinja na kunyoa ngozi kwa maji ya moto. Wengine walisafisha utumbo wa kutengenezea budani, yaani soseji ya wali, nyama na maini. Ngozi na mafuta vilikaangwa kwenye sufuria kubwa nje mpaka vikakauka na kulia mdomoni. Kichwa kilichemshwa, nyama yake ikagandishwa kwa mchuzi wake. Tumbo lilijazwa nyama iliyokolezwa viungo na kushonwa. Uti wa mgongo ulipikwa mchuzi wa kuliwa mchana uleule, maana watu walikuwa na njaa.

Utaratibu huo ulikuwa na sheria yake ambayo haikuandikwa popote: anayekula bila kufanya kazi anajulikana. Sasa sikiliza ngano wanayoipenda sana, ya Lapin na Bouki.

Lapin, sungura, na Bouki, fisi, wana gudulia la siagi wanalolimiliki pamoja. Wamelificha penye maji baridi na wanalima shamba moja. Jua likiwa kali Lapin anainua kichwa na kuitika, kana kwamba kaitwa. Bouki anauliza kuna nini. “Wananiita nikambatize mtoto,” anasema Lapin, na anakwenda. Akirudi amejifuta midomo. “Mtoto mmempa jina gani?” “Ndio-Kwanza.” Bouki anaona jina geni, lakini anaendelea na jembe. Baadaye Lapin anaitwa tena. Mtoto wa pili anaitwa Nusu-Imekwisha. Mara ya tatu anarudi kwa mwendo wa pole, na mtoto huyo jina lake ni Hakuna-Kitu. Jioni wanakwenda kwenye gudulia, wanalikuta tupu. Katika namna nyingi za kuisimulia, Lapin anatoa shauri la busara: tulale juani, atakayetoka jasho la siagi ndiye mwizi. Bouki anasinzia. Lapin anampaka mabaki ya siagi mdomoni, kisha anamwamsha kwa ukali.

Msomaji aliyelelewa na hadithi za Sungura na Fisi hahitaji kutambulishwa kwa watu hawa. Jina Bouki ni la Kiwolofu, lugha ya Senegali, na maana yake ni fisi. Meli za watumwa kutoka Afrika zilianza kufika Louisiana mwaka 1719, na fisi akaingia kwa jina lake kamili katika nchi isiyo na fisi. Wasimulizi wa baadaye hawakujua tena ni mnyama gani. Wengine walimwona kama mbwa mwitu, wengine waliacha awe tu Bouki, mwenye nguvu, mlafi, mwepesi wa kudanganywa. Profesa Alcée Fortier alichapisha ngano hizi mwaka 1895, zikiwa katika Kikrioli cha watu weusi wa Louisiana pamoja na tafsiri. Humo imo ngano ya ukame na mwanasesere wa lami anayemnasa Lapin mwizi wa maji. Huku kwetu, katika jamii nyingi, Sungura naye hukataa kuchimba kisima, huiba maji usiku, na hunaswa na Kobe aliyepakwa ulimbo mgongoni. Kisa cha ubatizo wa uongo, kwa upande wake, kinajulikana sana Ulaya na Kanada ya Kifaransa. Ndiyo kusema katika ngano moja ya siagi, mwili wa kisa ni wa Kifaransa na wahusika wake ni wa Senegali, sawa na ruu na bamia ndani ya chungu kimoja. Mkulima wa Kikajuni aliyeisimulia hakuwa na habari na asili hizo. Alichokijua ni jirani anayekwepa busheri.

Ngano ndefu zilikuwa na saa zake pia. Baada ya chakula cha jioni majirani walitembeleana, wakanywa kahawa nyeusi nzito, wakamenya mahindi au maharage, na mzee mmoja akapewa nafasi. Hapo ndipo Jean Sot, mjinga wa kudumu wa hadithi hizo, alipoambiwa auvute mlango nyuma yake, akaung’oa na kuukokota njia nzima. Hapo ndipo watoto waliposikia habari za rugaru, mtu anayegeuka mnyama usiku, ambaye kwa wengi ni Mkatoliki aliyepuuza Kwaresima. Ukitaka kumzuia, panga vitu 13 dirishani: hesabu yake inaishia 12, atakwama akihesabu mpaka kupambazuke.

Kisha zikaja sheria. Mwaka 1916 watoto walilazimishwa kwenda shule, na katiba ya jimbo ya 1921 ikaifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kufundishia. Mtoto aliyeongea Kifaransa uwanjani aliadhibiwa, mara nyingi kwa kuandika mstari mmoja mara mamia kwamba hataongea tena Kifaransa shuleni. Wengi waliopitia hayo waliamua wanao wasiteseke, wakawalea kwa Kiingereza. Bibi na mjukuu wakaanza kuelewana kwa shida. Televisheni ikachukua saa za jioni. Jokofu likaua busheri ya lazima, ikabaki ile ya sherehe.

Barry Jean Ancelet, mtafiti aliyezaliwa Church Point, alianza kurekodi wasimulizi miaka ya 1970. Ngano za wanyama na za miujiza alizikuta zaidi kwa wazee. Kilichokuwa kikistawi ni vichekesho vifupi na uongo mtamu wa kushindana, hasa mjini Mamou, ambako watu walikutana baa na kumzulia mhusika aitwaye Pascal mambo ambayo hayajawahi kutokea duniani. Naona mantiki katika hilo. Kichekesho hakihitaji jioni nzima wala msikilizaji anayekijua Kifaransa cha bibi. Kinasimuliwa foleni dukani.

Mamou na miji jirani imehifadhi pia kitu kingine kinachonifurahisha kila nikikiangalia. Siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, watu waliovaa vinyago na kofia ndefu zilizochongoka huzunguka nyumba hadi nyumba kwa farasi au magari, chini ya kapteni asiyevaa kinyago, wakiomba vitu vya kupikia gumbo. Wanaimba, wanacheza, wanajifanya ombaomba. Mwenye nyumba akimrusha kuku hai, lazima wamfukuze matopeni mpaka wamkamate. Jioni kijiji kizima kinakula.

Chakula chenyewe kimepata umaarufu wa kutosha. Paul Prudhomme, mtoto wa mwisho kati ya 13, kutoka eneo la Opelousas, alifungua mgahawa New Orleans mwaka 1979. Samaki wake wa kuunguzwa kwa viungo alipendwa kiasi kwamba serikali ililazimika kuzuia uvuvi wa kibiashara wa samaki huyo katika Ghuba ya Meksiko. Leo pakiti za viungo vya “Cajun” zinauzwa duniani kote, nazo hazina Bouki ndani. Inanisikitisha, kwa sababu aliyeonja pilipili tu anadhani amewajua.

Lugha inarudi kwa njia ya shule. Tangu 1968 jimbo lina chombo chake cha kuendeleza Kifaransa, na mwaka 2023 shule ya Pointe-au-Chien ilifunguliwa Terrebonne, kusini mwa jimbo, ikifundisha kwa Kifaransa watoto wa Wahindi Wekundu na wa Wakajuni wa eneo hilo. Walimu wengi wa shule za namna hii hutoka Ufaransa, Ubelgiji, Kanada na Afrika Magharibi. Mwalimu kutoka Senegali anamjua Bouki tangu utotoni. Ningekuwa na sauti katika shule hizo, ningeomba wampe jiko, bibi mmoja wa mtaa, unga, mafuta na darasa la watoto kumi, na somo liishe ruu itakapofika rangi ya chokoleti.