Je, wajua kwa nini tembe lililoanguka hutunza vitu vyake?

Pita kwenye mahame yoyote, yaani makazi yaliyoachwa, ya Ugogo, nchi ya Wagogo kule Dodoma, mvua zinapokatika, mwezi wa Aprili au Mei, uangalie chini. Utaona kigae chenye nakshi mdomoni, kipande cha jiwe la kusagia, ushanga wa bluu, pengine senti yenye tundu. Mwaka jana watoto wanaochunga mbuzi walipita hapohapo wakaokota kila kilichoonekana. Hivi vingine vimetoka wapi?

Vimetoka chini ya nyumba yenyewe. Tembe la Kigogo lilijengwa kwa nguzo za miti na kuta za fito zilizokandikwa udongo, na paa lake bapa lilitandazwa miti na matawi, kisha likamwagiwa udongo juu. Vyumba vilizunguka uwanja, na ng'ombe walilala humo usiku. Familia ikihama, mchwa wanaingia kwenye nguzo. Nguzo zikishalika, paa linashuka, na udongo wake unaifunika sakafu kama blanketi. Chungu kilichopasuka kando ya mafiga na shanga zilizokatika uzi vinazikwa palepale vilipokuwa. Nyumba ya bati haina bahati hiyo, kwa sababu mwenyewe akihama huondoka na bati lake na sakafu hubaki wazi.

Mchwa hawaishii kwenye nguzo. Wanapandisha udongo laini kutoka chini kujengea vichuguu na vijia vyao, na kokoto na vitu vizito vinazidi kudidimia. Charles Darwin alionyesha mwaka 1881 kwamba nchini Uingereza minyoo huzika mawe mashambani kwa namna hiyohiyo. Katika nchi kame kama yetu, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya mchwa.

Anayefukua ni maji. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, nayo huikuta ardhi imeliwa na mifugo na kiangazi hadi kubaki tupu. Maji yanachukua udongo laini na kuacha vizito juu. Kila msimu unabandua tabaka jembamba, ndiyo maana mahame hayaishi kutoa vitu.

Lakini sakafuni huwa hamna vingi, maana nyumba ilifagiliwa kila siku. Utajiri uko jalalani, kule nyuma walikomwaga majivu, mifupa na vyungu vilivyovunjika. Zizi nalo linajionyesha: samadi ya miaka mingi inaacha fosforasi nyingi ardhini, na nyasi za hapo huota kijani kuliko jirani zake. Uzio wa minyaa ukiwa hai bado, umeshaupata mpaka wa makazi yote.

Kuna chombo kimoja ninachokithamini kuliko detekta yoyote ya metali, ile mashine inayolia juu ya chuma, nacho ni mzee aliyezaliwa pale. Mahame mengi ya mkoa huu si ya kale sana. Familia nyingi ziliacha matembe yao wakati wa Operesheni Dodoma, mwaka 1971, zilipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Mtoto wa wakati ule yuko hai, na atakuonyesha mlango ulipokuwa.

Mahali kitu kilipolala panaweza kukupa tarehe. Chukua mfano wa heller moja ya shaba, sarafu ya enzi za ukoloni wa Wajerumani. Upande mmoja ina taji, maneno Deutsch Ostafrika (Afrika Mashariki ya Kijerumani) na mwaka. Upande wa pili thamani yake imezungukwa na shada la majani. Sarafu hizi zilianza kutolewa mwaka 1904. Ukiikuta sakafuni, chini ya udongo wa paa ambao haujachimbuliwa, unajua paa lile lilianguka baada ya 1904. Ushanga wa kioo ukiwa tabaka la chini zaidi unaweza kuwa wa enzi za misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Tabora, watemi wa Ugogo walipokuwa wakitoza hongo, yaani ushuru wa njia, ya nguo, shanga na waya. Sasa ing'oe heller hiyo uitie mfukoni bila kuandika ilikotoka. Imebaki shaba tu, na tarehe ya nyumba imepotea nayo.

Ndiyo maana naumia nikiona mashimo ya wanaosaka mali ya Mjerumani, ile inayosemekana ilifukiwa na wakoloni. Wanapita juu ya jalala kutafuta dhahabu, wanachanganya tabaka la babu na la mjukuu, halafu wanaondoka mikono mitupu. Kongwa ni hivyohivyo: mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulijaza eneo lile matrekta, na chuma chenye kutu kikiliza mashine huenda ni mabaki yake tu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuchimba kuvitafuta kunahitaji kibali cha serikali. Kutembea na kuangalia, kwa ruhusa ya mwenye shamba, ni jambo jingine. Ukiona kitu, kipige picha kikiwa palepale, weka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, kisha ipeleke taarifa kwa ofisa utamaduni wa halmashauri yako.