Inchi 6.7 za Kioo si Kama Unavyozidhani

"Fundi, nataka simu ya bei ya kati, ila kioo kiwe kikubwa ili nione video vizuri." Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno, na leo nimeisikia kwa mtu ambaye ameshalipa na simu iko mkononi. Basi niandike mara moja, nitakuwa naelekeza watu hapa.

Inchi za kioo hupimwa kutoka kona hadi kona. Hazisemi upana, hazisemi ung'avu wa picha. Namba ikipanda, kinachoongezeka zaidi siku hizi ni urefu.

Chukua rula. iPhone 6 Plus ya mwaka 2014 ilikuwa na kioo cha inchi 5.5, umbo la 16 kwa 9 (urefu kwa upana), upana wake kama milimita 68. Simu ya leo ya inchi 6.7 yenye umbo la 20 kwa 9 ina kioo cha upana wa karibu milimita 70. Hizo inchi zote unazojivunia zimekupa milimita moja na kidogo ya upana! Urefu ndio ulioongezeka, zaidi ya sentimita tatu. Mabadiliko haya yalishika kasi mwaka 2017, simu kama LG G6 na Galaxy S8 zilipoanza kurefushwa.

Sasa lete hiyo video. Video nyingi bado ni za 16 kwa 9. Ukiilaza simu, picha inajaa juu hadi chini, kisha kulia na kushoto unabaki na mistari myeusi. Ukiipima picha yenyewe kona kwa kona unapata inchi 5.6 hivi. Umenunua 6.7, unatazama 5.6. Unaweza kuivuta ijae kioo chote, lakini hapo unakata vichwa vya watu na maandishi ya chini.

Sisemi kioo kirefu hakina faida. Kinayo, na ni kubwa, ila si hiyo inayotangazwa. Faida iko kwenye kusoma na kuandika. Kibodi ikifunguka bado unaiona meseji unayoijibu. Mtu ambaye macho yamepungua nguvu akikuza herufi kwenye mipangilio, bado anabakiwa na mistari ya kutosha, si maneno matatu halafu anasukuma. Huyo namwambia bila kusita anunue simu ndefu. Mwenye mkono mdogo ajue kwamba kidole gumba hakitafika juu, na simu nyingi zinazoletwa zimepasuka zilianguka mtu akijinyoosha kugusa kona ya juu kwa mkono mmoja.

Jambo la pili ni pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha. Inchi 6.7 yenye pikseli 720 kwa 1600 inakupa kama 262 kwa kila inchi. Yenye 1080 kwa 2400 inakupa kama 393. Ukubwa ni uleule, lakini herufi ndogo kwenye ile ya kwanza zina kingo za kukwaruza. Hata hivyo, hapa nasitasita kidogo. Kioo cha 1080 kina pikseli za kuchorwa mara mbili na robo ya zile za kioo cha 720, na prosesa dhaifu ya bei ya kati huzihisi, hasa kwenye gemu. Nimeona simu za 720 zinazoteleza vizuri kuliko za 1080 zenye prosesa ileile. Mwenye kusoma sana achukue 1080. Mcheza gemu mwenye bajeti finyu, sijui nimwambie nini kwa moyo mkunjufu. Yote mawili yana gharama yake.

Halafu kuna aina mbili za kioo, LCD na AMOLED. LCD huwashwa taa ya nyuma kioo kizima, hata kama unatazama giza tupu. AMOLED kila pikseli ina mwanga wake, nyeusi ni pikseli iliyozimwa, na ndiyo maana mandhari meusi huokoa chaji kwenye AMOLED na si kwenye LCD. Nzuri mno, mpaka ipasuke. Kioo chake halisi ni ghali, na mteja huomba cha LCD cha kubandika. Kinaingia, kinawaka, lakini kihisio cha alama ya kidole kilichoko chini ya kioo kinakufa. Kihisio kile kwa kawaida huusoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kidole ukipenya katikati ya pikseli. LCD ina karatasi za taa nyuma yake, mwanga haupiti. Sijaharibu kitu, tafadhali. Wengine pia huumwa kichwa na AMOLED ikipunguzwa mwanga, kwa sababu nyingi hupunguza kwa kuwaka na kuzima haraka sana. Ijaribu gizani kabla hujalipa.

Betri ya 5000 mAh karibu simu zote zinayo, tusipoteze muda. Kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa picha ya 12.5, na zile ndogo za megapikseli 2 pembeni ni za kujaza nafasi.

Ninachotaka ukitazame kwa jicho kali ni hifadhi. Kuna aina mbili, eMMC na UFS. eMMC husoma au huandika, kimoja kwa wakati. UFS hufanya vyote pamoja, na kwa kasi zaidi. Simu inayosasisha programu chinichini huku wewe unafungua picha hukwama hapo, na wewe unalaumu RAM. Ile "RAM ya ziada" wanayokuongezea nayo hukatwa kutoka kwenye hifadhi hiyohiyo, kwa hiyo juu ya eMMC ni mzigo juu ya mzigo. Kwenye boksi mara nyingi wameandika GB 128 tu bila kusema za aina gani. Fungua sifa kamili za toleo hilo hasa, kwa sababu hata simu ya jina moja inaweza kutofautiana kati ya toleo la GB 64 na la GB 128.